Mahali Pasiponyoshewa Kidole

Wageni wa pwani walifika Kinole Jumanne, saa nne asubuhi, na wa kwanza kushuka garini alikuwa mwanamke aliyeshika fimbo. Nilidhani mguu unamuuma. Nikamwambia jirani yangu Semeni kwamba huyu itabidi tumtafutie njia isiyo na mlima, na Semeni akanijibu kwamba hapa Kinole njia hiyo hata yeye angependa kuonyeshwa. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ile haikuwa fimbo ya kujikongojea. Ilikuwa na ncha ya chuma upande mmoja, fimbo ya kuchokolea pweza, na mwenyewe haachani nayo, kama mimi nisivyoachana na mundu wangu.

Walikuwa watu sita, watano wanaume na yeye mmoja mwanamke. Jina lake Zuleha, umri wake kama hamsini hivi, mwembamba, miguu imekakamaa kwa chumvi. Wote walikuwa kamati ya bahari ya kijiji chao, Kitundwi, kule ambako mto wetu unaishia. Maana mto unaoanzia huku juu kwetu unashuka ukibadilishwa majina kila kijiji unachopita, mwisho unaitwa Ruvu na unamwagika baharini jirani na kwao. Kijana wa shirika lililowaleta, Evance, ndiye aliyetufafanulia. Alisema sisi tuna msitu uliofungwa miaka mingi, na wao wana mwamba wa bahari wanaotaka kuufunga. Wameona ni vizuri wasiofungiwa bado wakaja kuwauliza waliokwisha fungiwa.

Ramani ya mwamba wao ilikuwa tayari, imechorwa. Walikuwa watembee, waulize, waone, halafu Alhamisi kwenye mkutano wa kuagana wale sita watie sahihi. Ikishatiwa sahihi, ramani inapanda wilayani kwao na haishuki tena.

Siku ile ya kwanza tulikaa ofisi ya kijiji, wageni upande mmoja na sisi upande mwingine. Mwenyekiti wetu, Stambuli, alikuwa ametupanga tangu Jumapili nani aseme nini. Mume wa Semeni alisema mvua siku hizi haziangushi udongo kama zamani. Mtu mmoja wa kitongoji cha juu, ambaye hakupangwa, alisimama akasema tangu msitu ufungwe nguruwe pori wameongezeka na mahindi yake wanayala wao kabla yake, na kama wageni wanataka kusikia faida basi wakawaulize nguruwe. Watu wakacheka, Stambuli akamkalisha. Mimi nilipangiwa maji. Nikasimama nikasema maji yameongezeka, chemchemi haikauki hata mwezi wa kumi, tunashukuru. Nikapigiwa makofi nikaketi.

Kiongozi wa wageni, Abeid, mtu mnene mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo, alisimama kushukuru. Akasema yeye ni Mkwere, na Mkwere na Mluguru ni watani kwa hiyo atasema ukweli: kila masika tope letu linashuka hadi kwao, bahari inakuwa kama uji wa ulezi, na mawe yao yanakufa. Akasema tumewalisha udongo miaka yote bila hata kuwauliza kama wameshiba. Stambuli akamjibu kwamba udongo ule ulikuwa na rutuba, kama wameshindwa kulima bahari hilo ni la kwao.

Nikabaki nalo lile neno. Mawe yanakufaje?

Zuleha alipangiwa kulala kwangu. Mimi ni Mkristo na yeye Mwislamu, kwa hiyo nilikuwa nimeazima sufuria mbili kwa Semeni, na kuku alichinjwa na mume wa Semeni, ili mgeni ale moyo wake umetulia. Aliponiamkia, shikamoo mama, alinikabidhi kifurushi cha gazeti. Nilifungua nikakuta kitu chekundu, kikavu, kina mikia mingi iliyojikunja. Nikajua ni mizizi ya dawa. Nikamshukuru sana, nikamuuliza inachemshwa kwa maumivu gani. Alicheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa pweza aliyekaushwa.

Tulimpika pamoja. Alimponda kwa mchi, akamchemsha, akataka nazi, na nazi nilikuwa nayo moja. Mimi nikatia mdalasini na pilipili manga maana ndivyo tulivyo navyo shambani, akatazama, alipoonja akaongeza mwenyewe. Ndipo nilipomuuliza habari ya mawe.

Alinieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto, wala sikuona vibaya. Kumbe chini ya bahari kuna mawe yanayoota. Wanayaita matumbawe. Ukiyatazama unaona jiwe, lakini ndani yake wamo wadudu wadogo kuliko punje ya ulezi, wengi wasiohesabika, na wao ndio wanaolijenga jiwe, kidogo kidogo, mtu anazaliwa na kuzeeka jiwe limeongezeka urefu wa mkono tu. Samaki wanazaa humo. Pweza wanaishi humo. Maji yakipata moto sana, au tope likiyafunika, au mtu akiyakanyaga na kuyavunja kwa nanga, yanakuwa meupe kama chokaa, halafu yanaota mwani, na hapo hakuna anayeishi tena.

Nikamuuliza kama yanasikia maumivu. Akasema hajawahi kuulizwa swali hilo, na hakuna mtu Kitundwi anayelijua jibu lake.

Tulipokwisha kula, akaniuliza na yeye.

"Mama, yale maneno ya maji, uliyasema kwa moyo au kwa mkutano?"

Ningeweza kumjibu kwamba ni kwa moyo. Lakini alikuwa amenitazama kwa namna ya mtu anayehitaji kitu, si ya mtu anayetaka kunikamata.

"Nusu kwa nusu," nikamwambia. "Maji yapo kweli. Ila sijui kama ni kwa ajili ya msitu kufungwa au ni kwa ajili ya mvua. Mimi si mtaalamu."

Akaitikia kwa kichwa. Ndipo akaniambia lake. Katika wale sita, sahihi ya mwanamke ni moja, ya kwake. Kule kwao wanaume wanavua kwa mitumbwi na mashua, upande wa nje wa mwamba, kwenye kina. Wanawake wanavua kwa miguu. Siku za bamvua, bahari inapokupwa sana hadi mwamba wa ndani unabaki wazi, wanatoka wanawake hamsini na zaidi na fimbo zao, wanatembea juu ya mawe, wanachokoa pweza mashimoni. Hakuna mashua, hakuna nyavu, ni macho tu na fimbo. Na ile ramani iliyochorwa, sehemu ya kufungwa iliyopakwa rangi nyekundu ni mwamba wa ndani, karibu wote.

"Nikitia sahihi, wanawake wote wale hawana pa kukanyaga. Nisipotia, nitarudi naitwa Zuleha aliyezuia. Na mwamba kweli unakufa, mama, siwezi kusema haufi. Pweza niliokuwa napata kwa bamvua moja zamani, sasa nawapata kwa bamvua tatu."

Nikamuuliza kwa nini walichora pale. Akasema hajui. Evance si mtu mbaya, aliitisha mkutano, akauliza kila mtu, akaandika. Ilitokea hivyo tu.

Hilo nalo likanikaa. Mimi mambo yanayotokea hivyo tu huwa napenda kuyarudia rudia kichwani, kama mtu anayechambua mchele.

Jumatano wageni walipandishwa kwenda kuona mpaka wa msitu. Wanaume walitangulia na Evance na askari wa msitu. Zuleha na mimi tulikuja nyuma polepole, kupitia mananasi, migomba, mikarafuu, yeye akichokoa kila shimo la njiani kwa fimbo yake. Nilimuuliza anatafuta nini huku mlimani. Akasema mkono tu umezoea. Kwenye kijito alichokoa chini ya jiwe, akatoka kaa mdogo wa mtoni, akafurahi kama aliyekutana na ndugu yake mjini.

Tulipofika mpakani tulipumzika. Mpaka wenyewe ni mstari wa miti iliyopandwa, na jiwe la saruji lenye namba. Juu ya mpaka ni msitu, na humo ndani, si mbali, ungehesabu hatua mia mbili, kinaonekana kichaka cha miti mikubwa zaidi ya mingine, majani yake meusi meusi. Zuleha akaniuliza kile ni cha nani. Akainua fimbo kukionyesha.

Nilimshusha mkono. Sikupanga kufanya hivyo, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikamwomba radhi, nikamweleza.

Kwetu ardhi hufuata tumbo la mama. Kila ukoo wa mama, tunauita lukolo, una ardhi yake, na kaka wa mama ndiye anayeisemea. Na katika ardhi hiyo kuna sehemu moja ambayo hailimwi wala haikatwi mti, wamelala humo mama wa kwanza wa ukoo. Hatuinyooshei kidole. Hatusemi ni yetu, maana sisi ndio wake. Ukifika hapo unazunguka, unanyamaza. Hakuna askari aliyewahi kuilinda na hakuna mtu aliyewahi kukata hata ukuni.

Sasa, mwaka walipokuja wapimaji wa mpaka, mjukuu wangu wa kwanza alikuwa bado ananyonya. Aliyekuwa na neno la ardhi yetu ni mjomba Athanas, marehemu sasa. Wapimaji walikuwa watu wa heshima, walimwambia, mzee, tutembeze, tuonyeshe kila kilicho chenu, tutakiweka nje ya mpaka. Mjomba akawatembeza. Huu mgomba wetu, haya mahindi yetu, mkarafuu huu ulipandwa na fulani. Alionyesha kila kitu kwa kidole na wao wakaandika. Walipofika kwenye kichaka, mjomba akanyamaza. Akazunguka. Wapimaji wakazunguka nyuma yake. Nilikuwepo, nilikuwa nimebeba maji ya kunywa, na mimi nikazunguka, na sote tulifanya vile tulivyofundishwa. Kijana mwenye kalamu aliuliza, na hapa je? Mjomba akatazama pembeni kama hakusikia. Kijana akaandika kitu.

Miezi kadhaa baadaye mawe ya saruji yalikuja kuchimbiwa, na kichaka kilikuwa ndani. Pamoja na mteremko wa iliki alizopanda mama yangu chini yake. Mjomba alikwenda kulalamika, akaonyeshwa karatasi. Karatasi ilisema eneo hilo halina mwenyewe.

"Siku hizi tukitaka kwenda kufagia makaburi tunaandika barua," nikamwambia Zuleha. "Askari anatupa kibali bila maneno, ni kijana mzuri. Lakini mjomba alikufa akiwa hajawahi kuiandika hiyo barua. Alisema hawezi kumwomba mgeni ruhusa ya kumsalimia mama yake."

Nilidhani atasema pole. Alikaa kwenye lile jiwe la saruji, akaweka fimbo chini, akatoa ramani kwenye mfuko wake, akaikunjua juu ya magoti. Aliitazama kwa muda mrefu, mimi nikawa natazama mchwa wanaopita, maana mtu anayewaza hasukumwi.

Halafu akaanza kusema bila kuinua macho.

Alisema kila mwanamke wa Kitundwi ana mashimo yake. Pweza akitolewa shimoni, baada ya siku chache anakuja mwingine anaingia shimo lile lile, kwa hiyo shimo zuri ni mali kuliko mnazi. Na shimo halisemwi. Mama anamwonyesha binti mmoja, siku moja, na hata siku hiyo hasemi kitu. Anapita tu juu yake akikanyaga mara mbili, binti anaelewa. Ukikuta mwenzako ameinama mahali, unageuza uso, ni adabu. Yeye alionyeshwa na mama yake akiwa na miaka kumi na miwili, na mpaka leo hajamwambia mtu, hata mume wake alikufa hajui.

"Sasa Evance alipokuja kwenye mkutano," akasema, "aliwauliza wanaume wanavua wapi. Wakataja. Mwamba huu na mwamba ule, jina kwa jina, mpaka wakagombana. Akageuka kwetu. Kina mama, ninyi mnavua wapi? Na sisi tukatazama chini. Mmoja akasema, popote tu. Mimi ndiye niliyesema, mama. Popote tu."

Alikunja ramani kwa mikunjo ile ile iliyokuwa nayo, akainuka.

Njiani kurudi aliniuliza mambo mengi. Kama mjomba angenyoosha kidole siku ile, mizimu ingemfanya nini? Nikasema sijui, hakuna aliyewahi kujaribu. Je, tukisema leo, mpaka utasogezwa? Nikasema hilo nalo sijui, karatasi ni ya zamani. Akasema kwa upande wake akisema, mashimo yatakuwa ya kila mtu siku hiyo hiyo. Kilichohifadhiwa na mama yake na bibi yake kitaisha mdomoni mwake, na asiposema kitaisha kwenye rangi nyekundu. Aliniuliza ningekuwa mimi ningefanyaje. Nilimwambia ukweli, kwamba nilishakuwa mimi, na nilizunguka.

Alhamisi mkutano ulijaa. Soda zilikuwepo. Ramani ilitandazwa mezani, ikazuiwa pembe zake kwa chupa, na kalamu ikawekwa juu yake. Evance alifungua, akasema kabla ya wageni kutia sahihi angependa wasikie tena kutoka kwa wenyeji, hasa lile neno zuri la bibi Bernadeta kuhusu maji.

Nikasimama. Stambuli alinitazama akitabasamu. Nilikuwa nimekusudia kusema maji tena, nasema kweli, maana ni neno fupi na soda zilikuwa zinasubiri. Lakini Zuleha alikuwa amekaa mbele yangu, mikono imeshika fimbo, na nikaona ncha yake ya chuma inachokoa sakafu.

Nikasema Jumanne nilisema nusu, leo naomba kusema nusu iliyobaki. Nikawasimulia habari ya mjomba Athanas na wapimaji, mbele ya watu wote, mbele ya askari wa msitu, mbele ya vijana wa ukoo wangu ambao wengine hawakuwahi kuisikia kwa sababu haisemwi. Na mwisho nikasema, kile kichaka ni chetu. Nilikisema hivyo hivyo, na mkono nikaunyoosha, kupitia dirishani, upande wake. Wazee wawili waliangalia chini. Semeni alinishika gauni kwa nyuma kama anayemzuia mtu asianguke. Sikuanguka. Nilimalizia kwa kusema sisemi msitu ulikosea kufungwa. Nasema sisi tulinyamaza, na aliyekuwa anaandika akaandika ukimya wetu.

Nikaketi. Evance hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama ramani yake.

Abeid akasema haya, tumesikia ya milimani, sasa twende kwenye sahihi, gari lina safari. Akaweka yake, akampa kalamu wa pili. Kalamu ilipofika kwa Zuleha, aliishika lakini hakuandika mahali pa sahihi. Aliinamia ile rangi nyekundu, akaweka nukta. Akaweka nyingine, na nyingine.

Abeid, ambaye ni mume wa mdogo wake, aliinama kutazama.

"Shemeji, unachafua karatasi ya serikali."

"Haya ni mashimo ya mama yangu," Zuleha akasema. "Hili, na hili, na hili la karibu na mkondo. Ya wenzangu sitayaweka, watayaweka wenyewe. Lakini yako hapa hapa, wote tuko hapa. Evance, ulituuliza nikasema popote. Nilikudanganya. Si popote, ni hapa."

Abeid alitoa macho. "Kwenye mkondo? Miaka ishirini nakufuata kwa mtumbwi nijue unapowatoa wale pweza wakubwa. Mpaka nimekuwa najifanya nimepoteza nanga."

"Nilikuwa nakuona, shemeji. Ndiyo maana nilikuwa nainama mahali pasipo na kitu."

Watu walicheka mpaka Stambuli akagonga meza, na hata Abeid mwenyewe alicheka, ila kicheko chake kilikatika Zuleha alipoendelea. Alisema mwamba ufungwe, yeye hakatai. Lakini ifungwe nusu ya ndani na nusu ya nje, kina mama wapumzishe na kina baba wapumzishe. Na pia hajaona kwenye ile karatasi siku ya kufungua. Alisema amewauliza watu wa Kinole msitu wao utafunguliwa lini na kila mtu alimwona kama anauliza jua litazimika lini, hakuna aliyewahi kuambiwa. Yeye anataka tarehe. Miezi mitatu, pweza wakue, kisha ufunguliwe, watu waone, wakipenda waufunge tena wenyewe.

Hapo ndipo utani uliisha. Abeid alisema upande wa nje ni kina kirefu, hauna shida, hauhitaji kupumzika. Zuleha akamuuliza, kama hauna shida, nanga zake anazitupa wapi. Mwingine katika wale wanaume, mtu mkimya ambaye siku zote tatu hakusema neno, akasema nanga kweli zinavunja mawe, yeye amezamia ameona. Wakabishana, kwa Kiswahili na kwa Kikwere, na gari likasubiri hadi saa tisa. Mwisho Evance alizifuta zile sahihi mbili zilizokwisha wekwa, kwa kuchora mstari, akaandika tarehe pembeni. Akasema ramani hii haiendi wilayani. Inarudi Kitundwi, na kina mama wataitwa peke yao kwanza.

Zuleha aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili. Alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka kuzika. Nilimpa mdalasini na mfuko wa iliki, akapanda gari, na Abeid kutoka dirishani alinipigia kelele kwamba nimemharibia shemeji yake, atakuja kunidai faini. Nikamwambia alete kwanza tope letu.

Nilikaa nikisubiri habari. Kila mtu wa mjini aliyepanda huku nilimuuliza kama amesikia lolote la Kitundwi, na wao hawakujua hata iko wapi. Upande wangu, wale vijana wa ukoo walikuja kwangu mmoja mmoja, wakitaka niwasimulie tena, na mmoja akaniuliza barua ya kuomba mpaka uangaliwe upya inaandikwaje. Wale wazee wawili hawajaja mpaka leo.

Zuleha alipiga simu mwezi wa tano tangu waondoke. Alikuwa mwambani, nilisikia upepo na sauti za wanawake. Alisema kina mama walipoitwa peke yao walikaa kimya tena, nusu saa nzima, mpaka yeye alipoanza, halafu wakaja mezani kama watu waendao kupokea majivu kanisani. Ndivyo nilivyoielewa mimi, yeye alisema kama watu wanaokwenda kudungwa sindano. Nusu ya ndani ilifungwa na kipande cha nje kikafungwa, si nusu, kipande, Abeid alishinda hapo. Tarehe ikaandikwa kwenye ubao sokoni. Watu wa kijiji cha jirani waliiba usiku mara mbili. Lakini miezi mitatu ilifika na jana ndiyo walifungua.

Nikamuuliza, haya, ulipata?

Alisema alikwenda moja kwa moja kwenye shimo la mkondo, lile kubwa la mama yake. Akakuta mtu ameshainama hapo. Alitaka kugeuza uso kwa adabu, akashindwa, akatazama. Alikuwa mdogo wake, mke wa Abeid, anavuta pweza mrefu kuliko mkono wake.

"Ulimwambiaje?"

"Nilitaka kumpiga na fimbo, mama. Akaniinulia uso akaniuliza, mbona mama alikuonyesha wewe tu? Sikuwa na jibu. Sasa tangu jana natafuta, sijalipata."

Nikamuuliza anatafuta jibu au anatafuta shimo.

Akasema vyote viwili. Wako pamoja, yeye na mdogo wake, wanatembea wakitafuta mashimo mapya, na hajatafuta shimo tangu akiwa na miaka kumi na miwili, amesahau hata inavyofanyika. Nikataka kujua unaangalia nini. Akanieleza: pweza akila, maganda ya kaa na ya kome anayatupa nje ya mlango wake. Kwa hiyo hutafuti shimo, unatafuta takataka. Unakwenda umeinama, polepole, unatazama ni wapi kuna maganda mapya.

Akasema subiri kidogo. Nikasikia maji, hatua, sauti ya mdogo wake ikisema kitu, na ncha ya chuma ikigonga jiwe. Nikasubiri, simu sikioni, maana nilitaka kujua.